Damu na Udugu: Kutafuta Jamaa katika Hadithi za Wanyonya Damu, kwa Mifano ya Usukuma na Geita

Msomaji wa hadithi za Ulaya na Marekani hawezi kwenda mbali bila ya kukutana na kiumbe aitwaye vampaya: maiti asiyeoza, atokaye kaburini usiku kwenda kunyonya damu ya walio hai. Wengi wetu twamwona kuwa kitisho cha watoto au mchezo wa sinema, na mwalimu wa fasihi akiulizwa habari zake, aghalabu hujibu kwamba jambo hilo si la kwetu, wala halistahili kupewa nafasi katika kurasa za wataalamu. Katika makala haya nakusudia kuyapinga mawazo hayo yote mawili. Hadithi za mnyonya damu, za kwao na za kwetu, ni hadithi za watu wanaotafuta jamaa. Hofu iliyomo ni ganda, na kiini chake ni swali la nani aliye wa damu yetu na nani asiye. Tena, masimulizi ya Shinyanga na ya nchi ya dhahabu ya Geita hulijibu swali hilo kwa njia mbili zinazopingana: moja huponya na moja huua. Yatupasa kuzipambanua.

Yafaa kuanza na maneno yenyewe, maana lugha yetu imekwisha kulifikiri jambo hili kabla yetu. Neno mumiani lina asili ya Kiajemi, na mwanzoni lilikuwa jina la dawa nyeusi mfano wa utomvu, iliyotumiwa kwa mifupa iliyovunjika na maumivu ya mwili. Kamusi iliyotolewa mwaka 1939 chini ya usimamizi wa Frederick Johnson yaieleza dawa hiyo, kisha yaongeza kwamba watu wengi waliamini kuwa imetengenezwa kwa damu ya binadamu waliouawa kwa kusudi hilo, na kwamba uvumi wake ulipozuka watu waliogopa kutoka nje baada ya jua kuchwa. Hivyo jina la dawa likawa jina la tishio, na jina la tishio likawa jina la mtu. Mahali pengine mtu huyo aliitwa chinjachinja. Mahali pengine mzimamoto, kwa sababu watu waliwashuku askari wa zimamoto na magari yao mekundu. Uvumi huo haukuwa wa mchezo. Mwaka 1959 huko Buguruni, Dar es Salaam, ulizusha ghasia kubwa.

Basi wakati wa kupigania uhuru, na baada yake, lugha ya siasa ilihitaji jina la mtu alaye jasho la mwenziwe. Haikutafuta mbali: ilimwita mnyonyaji, na picha yake ikawa kupe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipotangaza nia ya kujenga nchi isiyo na unyonyaji, kila msikilizaji alielewa mara moja, maana picha ya mtu anyonyaye ilikuwa imekwisha kukaa moyoni mwake. Wageni wangeweza kudhani kwamba neno hilo ni la uchumi tu. Kwetu lilikuwa na harufu ya damu.

Lakini ipo desturi nyingine ya damu ambayo haina tishio lolote, nayo ni kuchanjiana. Katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki, watu wawili wasiozaliwa pamoja waliweza kuwa ndugu kwa kuchanjwa chale, na kila mmoja kula kipande cha nyama, au kwa watu wa Buganda na jirani zao punje ya buni, iliyopakwa damu ya mwenziwe. Walitajiana viapo: nyumba yangu ni nyumba yako, adui yako ni adui yangu, na atakayevunja agano hili na apatwe na mabaya. Katika karne ya 19 misafara iliyopita Unyamwezi kwenda maziwa makuu iliitumia sana desturi hii, kwa kuwa mgeni asiye na ndugu njiani hakuwa na usalama. Hapa mtu amekula damu ya mtu, wala hakuitwa mumiani. Aliitwa ndugu.

Tofauti iko wapi? Haiko katika damu, kwa maana damu imeliwa katika mambo yote mawili. Tofauti ni kwamba aliyechanjiana ametoa kama alivyopokea, na mumiani amechukua asirudishe kitu. Hii ndiyo kanuni ninayotaka kuitumia kama mizani katika kuzipima hadithi zifuatazo. Anayetoa na kupokea amepata jamaa. Anayepokea bila ya kutoa amejikata katika jamaa, hata kama wamezaliwa tumbo moja.

Tuzitazame kwanza hadithi za Ulaya na Marekani. Mwaka 1819 daktari Mwingereza, John Polidori, alitoa hadithi fupi iliyomtia vampaya katika mavazi ya bwana mkubwa. Bwana huyo, Ruthven, anaingia katika nyumba za watu kwa adabu, na mwisho anamwoa dada wa rafiki yake Aubrey, kisha anamnyonya hata kufa. Ndoa, ambayo kwa desturi hujenga ukoo, yeye aliitumia kuumaliza. Baada yake akaja Bram Stoker na kitabu chake Dracula cha mwaka 1897. Wengi hukikumbuka kwa meno na ngome, bali ukikisoma kwa mizani yetu waona jambo jingine. Msichana Lucy anaponyonywa na Dracula, wanaume wanne, mmoja baada ya mwingine, wanatolewa damu ili atiwe yeye. Mchumba wake akaona kwamba kwa tendo hilo wamekwisha kuwa mke na mume. Lucy hakupona, lakini watu wale waliotoa damu, ingawa walitoka nchi tatu mbalimbali, wakawa kama ndugu. Dracula naye anamlazimisha bibi mwingine, Mina, kunywa damu ya kifuani pake, apate kumfanya wa kwake kwa nguvu. Basi vita vya kitabu hiki ni vita baina ya undugu mbili za damu: moja ya hiari na moja ya kulazimishwa. Mwishoni Mina anajifungua mtoto, naye anapewa majina ya wote waliopigana. Hadithi iliyoanza kwa mgeni mwenye njaa imeishia kwa mtoto mwenye baba wengi.

Kwa muda mrefu vampaya hakuwa na kauli. Wengine walisema juu yake. Mwandishi wa Marekani Anne Rice alimpa kinywa mwaka 1976 katika Interview with the Vampire. Humo Louis anasimulia mwenyewe jinsi Lestat alivyomgeuza, na jinsi Lestat, akiogopa kuachwa, alivyomgeuza pia mtoto wa kike mdogo, Claudia, ili wawe baba wawili na binti. Mwandishi alikuwa amefiwa na binti yake mdogo mwaka 1972, na msomaji huiona huzuni hiyo bila ya kuambiwa. Claudia hakui. Akili yake yawa ya mtu mzima, na mwili wake wabaki wa mtoto mchanga wa hirimu ya kubebwa. Anawachukia waliompa uzima wa namna hiyo bila ya kumwuliza, anavuka bahari pamoja na Louis kwenda Ulaya kuwatafuta wa aina yake, na huko anawakuta maiti wasio na akili, kisha kundi la Paris linalomhukumu na kumwua. Hiki ndicho kitabu cha kwanza mashuhuri kinachosema waziwazi kwamba mnyonya damu naye ni yatima. Udhaifu wake ni kwamba kinatuhurumisha sana kwa yatima huyo hata twawasahau wale aliowanyonya, ambao wengi wao hawana jina.

Octavia Butler, mwandishi wa Kimarekani mwenye asili ya Kiafrika, alikwenda hatua moja mbele katika Fledgling, kitabu cha mwaka 2005. Shori anazinduka pangoni, ameungua, hana kumbukumbu, na jamaa zake wote wameuawa. Polepole anajua kwamba yeye ni wa taifa la Ina, ambao huishi kwa damu ya watu, lakini huishi nao nyumba moja, huwapa afya na maisha marefu, na hawawezi kukaa bila wao. Tena anajua kwamba waliowaua jamaa zake ni Ina wenziwe waliomchukia kwa sababu ya ngozi yake nyeusi. Kisa chamalizika barazani, mbele ya wazee, kwa ushahidi na hukumu. Kwa Butler agano la kutoa na kupokea limekuwa sheria ya nyumba, ingawa yeye mwenyewe atuachia shaka: mtu aliyekwisha kuizoea damu yake kunywewa, je, bado ana hiari? Swali hilo ni la haki, nasi tutalihitaji tutakaporudi nyumbani.

Na turudi. Ngano kuu ya Usukuma katika jambo hili ni ile ya Shing'weng'we na Masala Kulangwa. Kwa Kiingereza iliandikwa na mapadre Joseph Healey na Donald Sybertz katika kitabu chao cha mwaka 1996, bali wazee waliisimulia tangu zamani. Zimwi Shing'weng'we aliwameza watu wote na wanyama wote wa dunia. Akabaki mwanamke mmoja, mja mzito, aliyejificha katika chungu ya makapi. Akazaa mtoto wa kiume, akaitwa Masala Kulangwa, jina la mtu mwenye akili na mwepesi wa kufahamu. Mtoto alipokua akamwuliza mama yake kwa nini wako wawili tu, na watu wengine wako wapi. Mama akamwambia kweli. Tangu siku hiyo kijana akaanza kumsaka zimwi.

Naomba msomaji asilipite swali hilo upesi. Kijana huyu hakumwona baba yake, wala hakumwona ndugu, wala jirani. Hajui kijiji ni kitu gani. Hata hivyo anajua kwamba watu wawili hawatoshi. Kutamani jamaa kumetangulia kuwajua jamaa. Kisha yafuata sehemu ambayo watoto huipenda kupita zote: kijana anaua panzi, anarudi kwa mama akiimba kwamba amemwua Shing'weng'we; mama anamwambia, mwanangu, huyu ni panzi tu, tumchome tumle. Anaua ndege, anaua wanyama wakubwa zaidi na zaidi, na kila mara mama anamsahihisha bila ya kumcheka. Msimulizi hodari huirudia sehemu hii mpaka wasikilizaji wanaitikia wimbo. Nayo ina maana yake. Kijana ambaye hakuwahi kumwona adui aweza kumdhania kila kiumbe kuwa ndiye. Kazi ya mama ni kumzuia asikosee. Laiti kila mwenye mkuki angekuwa na mama wa namna hii!

Mwisho kijana anamkuta zimwi mwenyewe, anashindwa kwanza, kisha anamshinda na kumpasua. Akatoka baba yake, wakatoka jamaa zake, wakatoka watu wote. Hapa msimulizi mvivu angenyamaza, maana yatima amepata jamaa na zimwi amekufa. Lakini ngano yaendelea. Kijana alipokuwa akipasua, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwamo. Bibi akakasirika, akamtukana, akataka kumroga. Rafiki za kijana wakamlinda, na uchawi haukumpata. Kisha Masala Kulangwa akatafuta dawa, akamponya bibi yule sikio lake. Ndipo watu wote wakamtawaza kuwa mtemi, na mama yake akapata heshima ya mama wa mtemi.

Yupo atakayesema kwamba kisa cha sikio ni kiambatisho tu, chatoka katika ngano nyingine. Mimi naona kinyume: hicho ndicho kilele. Ngano za zimwi mla watu zimeenea katika mataifa ya Kibantu, kama alivyoonyesha Alice Werner katika kitabu chake cha mwaka 1933, na katika ngano ya Wasotho watu waliookolewa wanamgeuka mwokozi wao na kumwua. Mwandishi S. M. Mofokeng alifanya tamthiliya ya kisa hicho, Senkatana, iliyotoka mwaka 1952, nayo ni tanzia kamili. Wasukuma walikuwa na zimwi lile lile, kisu kile kile na jeraha lile lile, wakachagua mwisho mwingine. Mshindi anakubali kwamba hata ushindi wa haki umemwumiza mtu asiye na hatia. Bibi kizee ana hasira, tena ana uchawi, ngano haikuficha. Lakini dawa yake si mkuki wa pili. Dawa yake ni dawa. Wala kijana hakupata kiti cha utemi kwa kumwua zimwi. Alikipata baada ya kuliponya sikio. Kwa mizani yetu, yeye alirudisha, na kwa hiyo jamaa wakawa jamaa.

Masimulizi ya pili ya nchi hiyo ni ya msukule. Mtu anadhaniwa amekufa, wafiwa wanazika, kumbe kilichozikwa ni mgomba; mwenyewe amechukuliwa na mchawi, amekatwa ulimi, analishwa pumba, na usiku analimishwa shamba. Siku moja anaonekana kando ya njia, hasemi, na watu wanabishana kama ndiye au siye. Msukule ni kinyume cha vampaya wa Ulaya. Yule ni maiti anayekula walio hai. Huyu ni aliye hai anayeliwa kama maiti. Lakini wote wawili wanatafuta mlango wa nyumbani. Uchungu wa masimulizi haya hauko katika mashamba ya usiku. Uko katika dakika ile mama anapoletewa mtu asiye na ulimi na kuulizwa: ni mwanao? Akisema ndiye, amerudi katika ukoo. Akisema siye, amekufa mara ya pili. Na aliyemfanya msukule, kwa kawaida ya masimulizi, hatoki mbali. Ni shangazi, ni mjomba, ni jirani aliyetajirika kuliko wenziwe.

Kutajirika huko ndiko kunakotufikisha machimboni. Mwadui, karibu na Shinyanga, almasi ilianza kuchimbwa mwaka 1940. Geita ilikuwa na mgodi wa dhahabu tangu miaka ya 1930 hata ulipofungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Bulyanhulu, wilayani Kahama, wachimbaji wadogo waliondolewa mwaka 1996, na uchimbaji mkubwa ukaanza mwaka 2001. Katikati ya migodi hiyo kuna maduara ya wachimbaji wadogo, waliotoka kila upande wa nchi. Mtu wa machimboni amewaacha wazazi, analala turubai moja na watu asiowajua, na uhai wake shimoni uko mikononi mwa yule anayeshika kamba juu. Anahitaji ndugu upesi. Tena anaona jambo gumu kufahamika: watu wawili wamechimba duara mbili zinazopakana, kwa jasho sawa, mmoja amepata dhahabu na mwenziwe amepata mawe. Mkulima hujua kwa nini shamba la fulani limeshinda lake. Mchimbaji hajui. Katika pengo hilo la kutokujua, hadithi ya damu huingia: yule amepata kwa sababu ametoa mtu.

Luise White, katika kitabu chake Speaking with Vampires cha mwaka 2000, alitufundisha kuuheshimu uvumi wa mumiani. Alionyesha kwamba watu wa wakati wa ukoloni hawakuwa wajinga; kwa hadithi za wazimamoto na za wachimba mashimo walisema kweli juu ya utawala uliochukua nguvu zao na haukurudisha. Nakubaliana naye katika hilo, na historia ya neno mnyonyaji yamwunga mkono. Lakini katika nchi ninayoizungumzia yabidi kuongeza sharti moja. Uvumi waweza kusema kweli juu ya mgodi, na wakati huo huo ukasema uongo juu ya jirani. Na mgodi haufiki mkono wa mtu, bali jirani hufika.

Yaliyotokea yajulikana. Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania kwa kudhaniwa wachawi, 2,286 kati yao wakiwa wanawake, na zaidi ya nusu ya wote waliuawa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Wengi walikuwa wazee, na ushahidi juu yao ulikuwa macho mekundu. Macho hayo yaliwekundishwa na moshi wa jikoni, hasa mahali ambapo miti imekwisha na watu wanapikia samadi ya ng'ombe. Bibi aliyewapikia wajukuu kwa miaka arobaini aliuawa kwa alama ya kuwapikia. Kisha, tangu mwaka 2007, likazuka jambo la watu wenye ualbino, waliouawa au kukatwa viungo kwa kudaiwa kwamba viungo vyao huvuta mali, na dhahabu ilitajwa mara nyingi. Kufikia mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulikuwa umehesabu waliouawa zaidi ya 70 nchini tangu mwaka 2000. Mahakama Kuu iliyokaa Kahama ilitoa hukumu ya kwanza kwa mauaji hayo mwaka 2009, na serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli mwaka huo na tena mwaka 2015.

Mhakiki ana la kusema hapa, kwa kuwa kabla ya panga lilitangulia neno. Watu walisema kwamba mwenye ualbino hafi, bali hupotea. Waliita watu zeruzeru, yaani waliwaita mizimu kabla hawajafa. Asiyekufa hana kaburi, na asiye na kaburi hana ukoo. Hivyo hadithi ilimtoa mtu katika jamaa kwanza, na mwuaji akaja nyuma akimkuta amekwisha kutolewa. Lakini mwuaji ndiye aliyekuja usiku, ndiye aliyechukua damu, ndiye asiyerudisha kitu. Kwa kanuni zote za hadithi hizi, mumiani alikuwa yeye. Na baada yake walibaki watoto waliopelekwa kulindwa katika vituo kama cha Buhangija, mjini Shinyanga, ambako wengine walikaa miaka bila ya kuwaona wazazi wao. Swali la Masala Kulangwa, la wako wapi wengine, lilikuwa kwao swali la kila jioni.

Je, vitabu vimelijibu? Wanafunzi wetu wa sekondari wamesoma kwa Kiingereza Takadini cha Ben Hanson, kilichotoka mwaka 1997. Kisa chake ni cha Zimbabwe: Sekai amezaa mtoto mwenye ualbino, desturi yataka auawe, naye anakimbia naye usiku hata kijiji cha wengine, anakopokewa na mzee Chivero, mpiga mbira, anayemfundisha mtoto muziki. Huyu Sekai ni dada wa yule mama wa makapi. Na Tara Sullivan, Mmarekani, alitoa mwaka 2013 Golden Boy, kisa cha kijana Habo anayekimbia kutoka Mwanza mpaka Dar es Salaam akiwindwa, akapata makazi kwa mchonga sanamu kipofu. Vitabu vyote viwili ni vyema, na vyote vina kasoro moja: jamaa wapya wanapatikana kwa mbali, kwa wageni wema. Kijiji cha kwanza chaachwa nyuma kama kilivyo. Lakini watu wa Shinyanga na Geita hawawezi wote kuhamia kwa Chivero. Kazi ngumu ni ile ya ngano: kuponya sikio pale pale lilipokatwa, kati ya watu wale wale.

Kazi hiyo bado haijapata riwaya yake kubwa ya Kiswahili, na uwezo upo. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, katika kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka alichokimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 na kikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980, alionyesha kwamba nathari ya watu wa ziwa yaweza kuchukua uchungu wote wa kutafuta uzao, na jinsi ulimi wa ndugu wa mume uwezavyo kuvunja nyumba. Anayetaka kuandika juu ya machimbo anaye mwalimu jirani. Kutoka kwa Rice na ajifunze kumpa kauli anayeshukiwa: bibi mwenye macho mekundu naye aseme, na msukule aote ulimi. Kutoka kwa Butler na ajifunze kuuliza kama aliyetoa alitoa kwa hiari. Asichukue kutoka kwao ule uzuri wa mnyonya damu, maana kwetu walionyonywa wana majina na makaburi.

Kwa wakusanyaji wa masimulizi nina ombi moja la kumalizia. Mnapoiandika ngano ya Shing'weng'we kwa ajili ya vitabu vya shule, msiikate pale watu wanapotoka tumboni, ijapokuwa ndipo watoto wanaposhangilia. Mtoto akifundishwa kwamba hadithi huisha zimwi akifa, atakwenda kutafuta zimwi katika kila nyumba yenye moshi. Mwandikieni pia habari za bibi kizee, hasira yake, sikio lake, na kijana aliyekwenda porini kumtafutia dawa.